Hatupigi Magoti Karibu na Mashine

Bukene, mchana

Mama, shikamoo.

Mjukuu wako analia hapa nyuma ya mlango, na mimi ndiye niliyemliza. Fundi Masanja alikuwa anapita uani, Tumaini akamkimbilia na kupiga magoti amwamkie, vile ulivyomfundisha mwenyewe. Nikamvuta mkono kwa nguvu hadi akaanguka. Hajui amekosa nini.

Habari za Usoke? Mguu wako unaendeleaje, na mvua imewafikia? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu, mama, hauko sawa.

Ya Limi, mwenzangu wa hapa mashineni, mnayajua, maana mmemzika nyie huko Usoke. Lakini najua mliambiwa ni bahati mbaya tu. Mimi nilikuwepo.

Mashine yetu ya kukoboa mpunga ina mkanda mrefu unaozunguka kwa kasi, na mkanda una kifuniko cha bati. Fundi alikitoa ili aukaze, hakukirudisha. Wiki nzima kikaegemea ukutani, mimi nikawa naanikia nguo za Tumaini juu yake. Nilijua si mahali pake. Lakini ningemwambiaje mzee wa umri wa baba? Nikanyamaza.

Siku ile Limi alikuwa anazoa pumba. Fundi akaingia, Limi akapiga magoti palepale, kama tunavyowaamkia wakubwa. "Shikamoo, baba." Pindo la kanga yake likanaswa na mkanda. Mama, siwezi kuandika zaidi ya hapo. Fundi hadi leo anarudia, "Hata sikumwitikia."

Tajiri, mwenye mashine, aliporudi toka mazishini alitukusanya. Nilidhani anatafuta wa kumfukuza. Akasema, "Wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Nilikiona kifuniko pale nikapita. Nani mwingine alikiona?" Nikanyoosha mkono huku nalia. Akasema, "Basi kuanzia leo wewe ndiye wa kusema washa na wa kusema zima. Hata kwangu." Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba. Akaniuliza, "Na macho yako je, nayo yaliishia darasa la saba?"

Sasa kanga tunaziacha mlangoni na kuamkiana ni nje. Wenzangu wananitania, "Shikamoo meneja, tuvue na viatu?" Nacheka nao. Ila kumwambia fundi "zima" sijaweza hata mara moja. Nikifungua mdomo ananitazama, nami nageukia magunia. Naamini nitaweza, mama. Sijui lini.

Naomba uende kwa mama yake Limi, ukae naye, umwambie nilikiona kifuniko siku zote zile nikanyamaza. Usinipunguzie lawama. Akikataa kunipokea nikija, nitamwelewa, lakini nitakuja. Kupiga magoti kwangu nimemwekea yeye.

Nisalimie baba, na shangazi wa kwaya, na kaka Petro huko kwenye tumbaku yake. Bibi naye umwambie kwamba Tumaini anaimba ule wimbo wake wa kutwanga, anakosea maneno yote.

Sasa amenyamaza, amekuja kuniegemea. Nilitaka nikuandikie na habari ya

Ngoja, mama. Wananiita huko mashineni, "Mama Tumaini, njoo, fundi ameingiza mkono kukaza mkanda na injini inaunguruma!" Naenda kumwambia azime, hata akinitazama