Betri za Masikio ya Mama

Kaka Yusuf,

Nakuomba barua hii muisome wewe na wifi peke yenu, kisha muichane. Neno lolote lisimfikie Mama. Hajui kwamba ulikuja.

Unakumbuka Eastleigh, tulivyokuwa tukianika betri za redio yake juu ya paa? Wewe ukiziuma kwa meno, mimi nikizipanga juani, naye Mama akicheka: "Zipumzisheni, zitaimba tena." Nimekua nikiamini kwamba betri humsubiri mtu.

Huku ughaibuni Mama anavaa mashine za masikio za kumsaidia kusikia. Betri zake ni ndogo kama dengu, na kila moja ina kibandiko mgongoni. Vidole vyake vimekakamaa, hawezi kukibandua, nami kutwa niko Washwood Heath, karani wa ghala. Basi Jumapili moja nikabandua vibandiko vya pakiti zote, kama Mama alivyokuwa zamani akimenya vitunguu saumu vya wiki nzima. Nilijiona mwerevu. Kumbe betri hizo zikishaguswa na hewa huanza kuisha, hata zikiwa kwenye droo. Imeandikwa nyuma ya pakiti. Mimi ninayesoma kila hati mara tatu kabla ya kutia sahihi, hiyo sikuisoma.

Ulipokuja kwetu Shard End zilikuwa zimekufa zote. Mama Harjit wa jirani, yule Mhindi wa Kisumu, aliniambia, "Kakako alibisha mpaka nikamuuliza, kijana, huo mlango umekukosea nini?" Kisha ukaja ujumbe wako: "Nimemsikia akikohoa ndani. Kama hataki hata kunifungulia, basi." Ukanifungia simu, nisikupate tena.

Ni kweli, miaka miwili amekununia kwa kuoa bila kumwambia. Lakini siku hiyo alikuwa jikoni, hasikii kitu, na ni mimi niliyemfanya hivyo. Nawe hukuzunguka hata hatua kumi mpaka dirishani. Ulikuwa umeshakata shauri. Nakulaumu, Kaka, ingawa najilaumu zaidi. Jana ameniuliza, "Yusuf, hata salamu?" Nikamwambia una kazi nyingi. Naogopa atakavyonitazama akijua.

Sasa kila asubuhi naziangalia betri zake kabla ya kwenda kazini. Iliyokwisha naibadilisha, nabandua moja tu.

Usipige simu ya nyumbani. Nipigie mimi saa saba mchana, namba ni ile ile. Ukija, njoo Jumamosi. Usiponikuta, usibishe. Pita upande wa mapipa ya taka, usimame mbele ya dirisha la jikoni mpaka akuone.

Mdogo wako