Kompyuta Imekataa Jina la Mathe

Jumanne, 9 Juni 1998

Kurasa kumi na moja kabla ya chai! Wale wenye vyeti vya kuning'iniza ukutani waje tushindane. Mimi niliachia shule Form Two lakini vidole vyangu vimefika chuo kikuu. Thika nzima hakuna anayepiga chapa kama mimi. Na Ruiru weka pia.

Jioni nikamkuta mathe, mama yangu, amekaa tu jikoni, jiko baridi. Kamati ya soko imemnyima kibanda. Mzee Kang'ethe, mwenyekiti, amemwambia kompyuta imekataa jina lake. Ati kompyuta! Na mathe ameamini. Ananiambia nisigombane na mashine, ndiyo inatulisha. Miaka tisa anauza samaki wa omena hapa mtaani Landless kando ya barabara, mvua yake, askari wa kaunsili wakimfukuza — halafu mashine imkatae? Mashine gani? Orodha ya watakaopewa vibanda nilipiga mimi, kazini! Nambari 41, Nafuna Barasa, mathe mwenyewe. Nakumbuka nilitabasamu peke yangu.

Jumatano, 10 Juni

Nimefungua orodha. Nambari 41: Zacharia. Yule wa bucha, shemeji ya Kang'ethe. Ana bucha tayari, na pikapu juu!

Nikafuta Zacharia, nikarudisha mathe. Save. Ikaniandikia *Access denied*, yaani sina ruhusa. Nikarudia. Ikakataa. Nikabonyeza kwa nguvu kama mlango uliokwama. Wapi! Orodha inakaa kwa mashine ya bosi wangu, Irshad, ofisini kwake, na inanifikia kwa waya. Wiki jana ilikuwa inakubali kila kitu nikiandika. Leo imenijua vibaya.

Sawa. Nikaiseivu kwa jina lingine, kwa mashine yangu. Ikakubali. Nikaenda kula chapati nikipiga mluzi.

Kurudi, haiko. Irshad ameifuta. Akaniambia pole pole, orodha ni moja, Dalmas, na hiyo moja ni ya kamati. Nikamuuliza, basi nani alibadilisha nambari 41? Akaangalia viatu vyake. Ni viatu vizuri, lakini si vya kuangaliwa muda wote huo.

Alhamisi, 11 Juni

Nimejaribu mara kumi na nne. Imekataa mara kumi na nne. Mimi sijachoka. Itachoka yenyewe.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeenda Ruiru kwa Muna. Anafundisha kompyuta huko, na ndiye mtu pekee wa hizi mambo ninayemkubali. Kidogo. Nilipomwambia kompyuta imekataa jina la mathe, alicheka hadi akashika meza.

Akasema mashine haijui mathe wala Zacharia. Irshad ameifunga upande wake, mimi nisome tu, nisiguse. Na kufuli iko huko kwake, mwisho wa waya. Nikamwambia basi Irshad hajui ameajiri bingwa.

"Basi bingwa, endelea kusoma."

Huyu msichana! Nikamuuliza, mbona kwa skrini inaniacha nafuta na kuandika? Akasema ya skrini ni yangu, mpaka nifunge. Kurudisha kule ndiko kunahitaji ruhusa.

Nikamwomba arudie hiyo ya mwisho. Mimi, kuomba kurudiwa! Hata yeye alishangaa.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya kanisa nimemwambia mathe ukweli: hakuna mashine iliyomkataa.

"Kwa hivyo ni mtu?"

Nikasema ni mtu.

Akakunja leso yake, akaikunja tena. "Mtu ni rahisi," akasema. "Mtu ana nyumba, na nyumba ina mlango."

Sijui anaenda kuugonga lini. Namjua. Ataugonga, na hataugonga kwa upole. Lakini orodha ikishasomwa kesho pale sokoni na muhuri umegongwa, imeisha. Nani atabishana na karatasi ya kompyuta? Hawa watu wa Landless wanabishana na polisi, na pasta, lakini si na karatasi ya kompyuta.

Jumatatu, 15 Juni

Naandika hapa kazini, nikijifanya najaza kitabu cha wateja.

Kang'ethe ameketi kwa benchi karibu na mlango, muhuri ameufunga kwa hankachifu. Saa nane anasoma orodha sokoni. Irshad ameniambia niprinti nakala tatu. Printa ni ya mashine yangu, ile ya pini, inaandika mstari kwa mstari kama mzee anayepanda ngazi.

Nimefungua orodha. Nimefuta 41. Nimeandika NAFUNA BARASA. Save sikuigusa hata. Nimebonyeza printi tu. Karatasi haihitaji ruhusa ya Irshad.

"Wee kijana," Kang'ethe ananiambia, "hiyo kitu inakohoa kama nyanya yangu."

"Inasoma majina, Mzee. Ni mengi."

"Ndiyo isome vizuri. Watu wanaiamini."

"Wanaiamini sana, Mzee."

Nakala ya kwanza imetoka. Ameipokea, ameangalia juu, pale jina lake la mwenyekiti lilipo, ameridhika. Gonga! Muhuri. Ya pili pia, gonga! Manze, nimekaribia kuimba.

Sasa ya tatu. Nambari 29. Nambari 30. Irshad ametoka ofisini kuona kama wino unatosha. Amechukua nakala ya pili kutoka mezani. Anasoma kutoka chini kwenda juu, tabia yake.

Kidole chake kimesimama kwa nambari 41.

Ameniangalia. Mimi pia nimemwangalia, na sijaangalia viatu. Kang'ethe anamuuliza, "Iko sawa, Irshad?"

Printa imefika 38. Irshad amefungua mdomo, na —