Filamu Niliyoshindwa Kuimaliza

Columbus, Jumapili

Dada yangu Goreti,

Theluji ya Buffalo imepungua? Sisi tunaendelea, na Spesiyoza anakusalimu.

Juzi tulitazama filamu ya mama anayewaficha wanawe uvimbe kwenye titi. Yule mama anaigiza vizuri mno, anavyokunja nguo za watoto huku akitabasamu. Nililia, Spesiyoza akanicheka: "Mama, yule analipwa!" Marehemu mume wangu Yonasi naye alikuwa akinitania hivyo hivyo, kisha ananigawia karanga zake.

Dada, sikuweza kuimaliza. Mimi pia nina uvimbe, tangu mwezi jana, na ninaogopa hata kuoga. Alhamisi naenda kwa daktari. Spesiyoza anadhani ni presha tu, na anataka kuja kunitafsiria kama kawaida. Lakini ni yeye aliyetutafsiria kwamba baba yake hatapona. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitamka neno moja moja, akimtazama baba yake usoni.

Kiingereza chako kinatosha. Tafadhali panda basi Jumatano. Kama ni jambo baya, nataka nilisikie kwako, mtoto akiwa shuleni.

Mdogo wako mwenye hofu,
Domitila