Mfarishi wa Tingi

Mama mdogo, shikamoo.

Huku Tingi mvua haikatiki, na muhogo wa nazi wanajua kuupika. Juzi niliwakuta akina mama barazani wakishona mfarishi wa vipande vya khanga kuukuu. Mfanyabiashara mmoja kutoka Masoko akautaka, pochi mkononi.

Bi Somoe, mwenye sindano, hakuinua hata kichwa. "Hatuuzi. Anayeutaka anatupalilia mashamba, sisi tunashona."

"Nishike jembe kwa ajili ya matambara?"

"Basi kajifunike pochi."

Nimepalilia mimi. Viganja vimejaa malengelenge, na mfarishi nakuletea wewe. Baba mdogo akisema tena kwamba unashinda nyumbani bure, usibishane naye. Jifunike gubigubi mpaka njaa imweleze kazi yako.

Mwanao akupendaye,
Zuhura