Abel Ameamka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kahama. Tarehe 13 Juni 2024.
Jina: Coletha Mageni (Mama Monika). Umri: miaka 51. Kazi: mshona nguo. Dini: Mkristo Mkatoliki. Makazi: Nyahanga.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza niliyoyaona na kuyasikia, na Mungu ananisikia.

Fundi Masalu ni jirani yangu, katikati yetu ni ua wa minyaa tu. Kazi yake ni kufufua betri za sola na za magari, zile za madini ya risasi na maji makali, ambazo wengine wanaziuza kama chuma chakavu. Chaja ameitengeneza mwenyewe kwa waya aliouzungusha kwa mkono na vipande vya televisheni mbovu. Haimwagi umeme, inaupigapiga, tu-tu-tu, mpaka ule ukoko mweupe ulioigandia risasi uachie. Inatoa mlio mwembamba kama wa nyenje walio mbali. Mimi alasiri hushona huku nasali Rozari, na mlio ule hunichukua. Mara nyingine sijui anayesali ni mimi au ni yenyewe.

Kila betri huiandika kwa chaki jina la mwenyewe, na akiitaja huitaja kama mtu. Hasemi betri ya Donatus imekufa. Husema, "Donatus amekufa, Mihayo anapumua." Sisi majirani tumezoea.

Abel alikuwa mume wa Zipora, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliacha betri yake kwa fundi, akaenda machimboni upande wa Geita. Udongo ukamfunika ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, hakupatikana. Tulizika mgomba tuliouvika blanketi lake. Afande, wewe ni mtu wa huku, unajua watu husema nini juu ya kaburi lenye mgomba: mwenyewe hakufa, kachukuliwa msukule, kakatwa ulimi, anatumikishwa mahali.

Mnamo tarehe 12 Juni, kama saa kumi alasiri, jua limelegea, vumbi limesimama hewani halishuki, nilikuwa kwenye cherehani nimefika fumbo la Ufufuko. Fundi akaniita kutoka ng'ambo ya ua, mayu, yaani mama, kama aniitavyo siku zote.

"Mayu! Abel ameamka!"

"Wacha wee! Abel huyu wetu?"

"Huyu huyu. Alikuwa amekufa kabisa, sasa anapumua."

"Basi mpe uji."

Akacheka. "Bado mlegevu, mayu. Namfungia humu humu mpaka apate nguvu, ndipo nimpeleke kwa mkewe. Usimwambie."

Nikasikia ndoo inaanguka nyuma ya minyaa. Alikuwa Zipora, anatoka kuchota maji. Hakulia. Aliingia uani kwa fundi, akapiga goti, akamwamkia shikamoo, na kwa umri yeye ndiye mkubwa.

Akasema, "Naomba mume wangu. Hata kama wamemkata ulimi, nitamchukua hivyo hivyo."

"Ni betri, shemeji."

"Najua mnaagizwa mseme hivyo."

Watu wakajaa. Mmoja akapaza sauti kwamba fundi anafuga misukule, na mawe yakaanza. Zipora akasimama mlangoni, mikono kaitanua. "Msitupe! Abel yumo ndani, mtamuumiza!" Mawe yakakoma. Fundi angerudia kwamba ni betri, na Zipora akamwamini, angetoka pale mlangoni na mawe yangerudi. Kwa hiyo fundi alinyamaza nyuma yake, damu inamtoka sikioni, mpaka ninyi mlipofika mkamchukua.

Mlipekua mkakuta betri yenye jina la Abel. Zipora anasema Abel mwenyewe kahamishwa. Ndiyo maana mmeniita, kwa kuwa maneno yale niliambiwa mimi. Nathibitisha yalikuwa ya betri. Fundi alitaka mjane apate taa. Hakuna mtu aliyefichwa.

Zipora yuko hapo nje kwenye benchi. Amekuja na suruali na shati la Abel, kapiga pasi, maana wanasema misukule hutoka uchi. Nilipokuwa naingia alinishika mkono. "Mama Monika, si ulimsikia?" Nikasema nilisikia.

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema kwa hiari yangu. Kabla hamjamfungulia fundi, naomba mimi nitangulie kutoka, nikae na Zipora kwanza, asije akamwona anatoka peke yake kabla sijamwambia.

Sahihi: C. Mageni

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Benedict, nikamsomea shahidi, akayakubali. Mtuhumiwa hana kosa, ataachiwa. Shahidi alitangulia kutoka saa tano asubuhi. Hadi saa sita na nusu wote wawili bado wako benchini. Mtuhumiwa ameelezwa sababu ya kucheleweshwa, amesema atangoja.