Majina Mekundu

Mi kaka yako Sudi, mwenye miaka sabini na mbili, niliyeona Mubiligi mtawala anaondoka, mwami mfalme wetu anaondoka, maraisi wanazikwa, na masini nne za kuchapa zikifa mikononi mwangu nami bado nimesimama, ninakuandikia we Mwajuma mdogo wangu huko Ujiji. Mkono ni wangu, sikumuomba mutu. Herufi zikipinda nivumilie. Miaka mingi nilizipanga zile za risasi, risasi ya kuyeyusha si ya bunduki, na zile husomwa kinyume. Kinyume mutu wa kunishinda Bujumbura hii hajazaliwa. Hizi za kalamu ndizo zinanisumbua.

Lakini kama Asha ameketi karibu nawe, kunja barua, uende uisome peke yako. Habari aliyowatumia mume wake Rashidi, kwamba binti yao Zaituni yu hai, si kweli. Mutoto alikufa. Asha asivuke kwenda kumutafuta kambini. We ndiye umemuhifadhi tangu alipokimbia, basi we ndiye utakayemuambia. Nisamehe kwa mzigo huo.

Nakuuliza hali yako, na mguu wako, na mume wako kama kikohozi kimemuachia. Sisi tuko. Milio imepungua upande wa mji, kule Musaga bado watu wanalala na viatu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Pale kwa Bwana Nassoro, kwenye emprimeri, kiwanda cha kuchapa, mtaa wa Asiatique, watu wa misaada walileta kazi ya kitabu cha majina ya waliopotezana na jamaa zao katika vita. Walitaka cha karatasi kwa makomini, zile ofisi za mitaa, na makambi, na kingine cha ndani ya ordinateri, ile kompyuta, kile wanaita PDF, cha kupeleka maofisini na kwenye kituo cha vipofu. Kule kituoni wana ordinateri inayosema. Unaifungulia kitabu, inakisoma kwa sauti.

Kurasa alizipanga Spès, binti wa Cibitoke anayefanya kazi ya ordinateri. Rangi nilizichagua mimi. Nilisema walio hai tuwaandike na wino mweusi, waliokufa na mwekundu. Kuchapa rangi mbili bila moja kuikanyaga nyingine, hiyo ni kazi yangu, uliza popote. Na pale juu ya ukurasa wa kwanza niliweka bamba la mbao nililochonga mwenyewe, lenye maua pembeni, linaloeleza: jekundu ni marehemu. Spès akalipiga picha, akaliingiza kwenye PDF. Kitabu kilitoka kizuri mpaka Nassoro, ambaye hasifu mutu, akasema, "Muzee, hapa umefanya."

Siku ya tatu Rashidi akaingia na fimbo yake. Unajua tangu macho yamuache hatembei mbali, lakini alitoka Buyenzi peke yake.

"Sudi, we muzee wa wino, uko wapi?"

"Niko hapa, we mushonaji usiyeona sindano."

"Masini ya kituoni imemusema. Zaituni binti Rashidi, Musaga. Imemusema na pua ya kizungu, Zetuni, Zetuni, lakini ni yeye. Nimeshatuma muchuuzi wa dagaa avuke amuambie mama yake."

Nikamuuliza, "Mwanzoni kabisa ilisema nini?"

"Ilisema imaji. Halafu majina. Imaji ni kitu gani?"

Imaji ni picha. Lile bamba langu. Ordinateri ilipolifikia haikuona herufi, iliona picha, ikasema imaji ikapita. Na rangi haina sauti. Nikafungua kitabu, nikatafuta, nikamuona Zaituni.

"Umemupata? Yuko kambi gani?"

"Rashidi, kaa."

"Sikai. Sema."

"Jina lake ni jekundu."

Akauliza jekundu maana yake nini, nikamuambia. Akanyoosha mkono nimupe kitabu. Nikamuwekea kidole pale penye jina. Akapitisha vidole juu ya ukurasa, mara mbili, polepole, kama mutu anatafuta mshono, akasema, "Hapa pote ni sawa." Halafu ndiyo akakaa. Tukasema inna lillahi wawili peke yetu, na masini nikaizima.

Kesho yake nilimuambia Spès tukirekebishe. Nyuma ya picha aliandika maneno ambayo jicho halioni lakini ordinateri inayasoma. Kando ya kila jina jekundu akaongeza neno la Kifaransa, desede, yaani marehemu. Akanionyesha pia kwamba majina na mitaa vilikuwa visanduku viwili mbalimbali, lazima kuiambia masini ianze wapi na ifuate nini, la sivyo inavuruga. Kupanga nakujua, sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Tukakipeleka kituoni. Rashidi alitaka kianzie juu kabisa. Kikasoma bamba. Kikasoma wengi. Kikafika: Zetuni binti Rashidi, Musaga, desede.

Akasema, "Sasa imesema."

Msalimie mume wako, na mama mkwe wako anayenidai hadithi, na imamu jirani yenu, umuombe awasomee hitima. Muambie Asha kwamba Rashidi anakula kwangu, hayuko peke yake.

Ukiona nimeongeza chumvi, muulize Nassoro, tajiri wangu, alikuwa mlangoni. Muulize Rashidi mwenyewe, ambaye sasa hivi nimemusomea barua hii yote. Amesikiliza mpaka mwisho akasema kuna pahali nimeparuka, nipaandike, la sivyo hatii sahihi ya kidole chake. Basi muulize na Spès. Kabla hatujachapa aliniambia, "Muzee, asiyeona atajuaje rangi?" Nikamujibu asiyeona atasomewa na mwenye macho, na mi nimeanza kazi hii mama yake hajazaliwa. Akarudia mara ya pili. Nikasema apana.

Kaka yako, Sudi.
Na kidole cha Rashidi, hapa chini.