Chupa Mbili za Kliniki

Mpendwa mdogo wangu,

Barua zangu tatu zilirudi zikiwa zimefungwa vilevile zilivyoondoka, kwa hiyo hii nimeipeleka gazetini. Najua wewe na mumeo mnafungia wateja samaki kwa magazeti hapo Mtera. Hata kama hutaki kunisoma, siku moja utanikunja na perege wawili na jicho lako litaangukia hapa.

Nianze na unalolijua. Nimekuonea wivu tangu ukiwa mgongoni mwa mama. Mimi nilizaliwa Chamwino mwaka wa njaa, wewe mwaka mvua iliponyesha mpaka mtama ukaozea shambani, na mama hakuacha kulisema hilo mbele ya wageni. Mimi nilisoma, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi serikalini, mume, na nyumba Area D, Dodoma mjini. Wewe uliishia darasa la saba ukaolewa na mvuvi. Bado ukiingia mahali watu walikusogezea kiti, mimi nikiingia walinisogezea kazi.

Kwenye uzazi ndipo wivu ulipoota meno. Ulizaa wa kwanza na wa pili kama mtu anayepiga chafya. Mimi mimba mbili ziliharibika, ya pili ikiwa na miezi saba, miguu imevimba, presha imepanda, kichwa kinaniuma mpaka naona vimulimuli mchana. Ulikuja kunipa pole ukiwa na mtoto mgongoni. Hukukosea, ungemwacha wapi? Lakini sikukusamehe mgongo ule.

Kisha tukabeba pamoja. Yako ya tatu na yangu ya tatu, zimepishana wiki chache tu. Mumeo akataka ujifungulie karibu na hospitali kubwa, ukaja kukaa kwangu na mfuko wa kambale wakavu walionifanya nitapike siku nne. Kabla ya wiki kuisha mtaa mzima ulikuwa wako. Ulikuwa unapita mlango kwa mlango ukisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", na Wagogo wa mtaa ule, ambao mimi niliishi nao miaka sita wakiniita mama wa ofisini, wakakuita kwa jina. Mwenye bomba alikuruhusu uchote maji bila kupanga foleni. Mimi nilipanga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni ya sukari utotoni, kilo moja nyumba nzima, na mama akiifungia sandukuni na vitenge vyake? Sasa ilikuwa imejaa kila kibanda, na soda, na biskuti za nje zenye karatasi za kung'aa. Ulikuwa unatia vijiko vitano kwenye kikombe kimoja cha chai. Nilipokuangalia ulicheka. "Dada, niache nami nile ruksa." Na kiu yako! Mtungi nilioujaza asubuhi ulikuwa mtupu saa sita. Tukasema ni uroho wa mimba. Tumbo lako lilitangulia mlangoni, wewe ukafuata baadaye, na majirani wakasema ni mapacha. Mimi tumbo langu lilikuwa dogo na miguu yangu mikubwa, na kila mtu aliniuliza kama ninakula.

Sasa nakuambia usilolijua.

Ofisini walikuwa wanapunguza watu. Orodha ilikuwa inaandaliwa, na kwa kuwa mimi ndiye mpiga chapa, niliona majina yakiingia na kutoka. Mkuu wangu alinitazama miguu akasema, "Mama, safari hii wanaoanza kuondoka ni wale wanaougua-ugua." Wiki ileile sista wa kliniki alikuwa ameniambia kwamba protini ikionekana tena kwenye mkojo wangu, ananilaza mpaka nijifungue. Nilimwambia nina kazi. Akasema, "Sijakuuliza habari za kazi."

Unakumbuka tulivyokuwa tunabeba mkojo wa asubuhi kutoka nyumbani, kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, na kikaratasi cha jina kimebandikwa kwa plasta. Vikaratasi niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Asubuhi ile ulikuwa uani unaosha uso. Vichupa viwili vilikuwa juu ya meza. Wako ulikuwa mweupe, unang'aa kama maji ya chupa. Wangu ulikuwa na ukungu. Nikakuonea wivu hata mkojo. Nikabandua vikaratasi nikavibadilisha, jina langu kwako, jina lako kwangu, nikaviweka kwenye mkoba wangu tukaondoka tumeshikana mikono.

Utauliza kwa nini sikumwaga tu wangu nikajimiminia kidogo kutoka kwenye chupa yako, nikaiacha yako na jina lako. Nimejiuliza hilo miaka yote hii. Ukweli ni kwamba nilitaka na wewe, siku moja tu, usemwe na sista mbele ya watu.

Mashine ya presha ilikuwa imepelekwa kutengenezwa wiki ile, kwa hiyo mkojo ndio ulioamua kila kitu. Tulikaa kwenye benchi tukimwona sista akichemsha juu ya moto wa spiriti. Alipochemsha uliokuwa na jina lako, ukaganda kama maziwa yaliyoharibika. Alipotia dawa ya bluu kwenye ule wenye jina langu na kuupasha moto, bluu ikaondoka, ikawa kijani, kisha ikawa rangi ya tofali.

"Nani huyu?" akaita jina langu. "Mama, mkojo wako umejaa sukari. Kesho uje asubuhi bila kula, tukupime damu." Kisha akakugeukia. "Na wewe protini imeanza. Punguza chumvi, lala kwa ubavu wa kushoto, rudi baada ya wiki mbili. Usiponisikia nakulaza."

Njiani nilitegemea utalia. Uliniwekea mkono kiunoni ukasema, "Tutapambana wote, dada. Wewe sukari, mimi chumvi." Na ulifanya hivyo kweli. Wiki mbili ulikula ugali na mlenda usio na chumvi hata chembe, uso umekukunjamana kama unameza dawa, na kujipoza ulikunywa soda. Soda hizo nilikuletea mimi nikitoka kazini.

Kesho yake nilipimwa damu, ikawa safi. Sista akashangaa, akasema labda chupa haikuoshwa vizuri. Mimi sikushangaa. Nilitoka pale nikijua, mdogo wangu, kwa uhakika kamili, kwamba sukari ile ilikuwa yako. Hakuna mtu mwingine Dodoma nzima aliyejua.

Sikusema. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia, na kila asubuhi nikaona kitanda cha wodi na jina langu kwenye orodha. Ningependa kuishia hapo, kwenye hofu, kwa sababu hofu watu huisamehe. Lakini kulikuwa na raha pia. Kwa mara ya kwanza ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo nilikuwa nimeishika mimi. Nilikutazama ukicheka na majirani nikasema moyoni, cheka tu, hujui.

Siku ya kumi na mbili ulikaa kwenye ngazi ukiwa na mkono tumboni. "Dada, mtoto amenyamaza tangu jana." Nikakuambia amelala. Hilo nalo nilisema mimi.

Alikuwa wa kiume, mkubwa kama mtoto wa miezi mitatu, mzuri, amekufa. Mumeo alikuja, mkamzika, akarudi kwenye nyavu zake, na wewe ukabaki kwangu upate nguvu. Wazee wa mtaa walisema kuna mtu mwenye kijicho aliyekutazama tumbo. Ukawakatalia, ukasema hayo ni mambo ya giza na wewe umebatizwa. Nilikuwa nawapelekea wazee hao chai, nikageuka na sinia nikalirudisha jikoni.

Hukuwa umemaliza wiki tatu tangu ujifungue ulipokuja mchana ule kuniita tule na kunikuta sakafuni, povu mdomoni, mwili unarukaruka. Mimi sikumbuki. Nimesimuliwa kwamba ulinigeuza ubavu, ukanisukumia khanga katikati ya meno, ukakimbia barabarani bila viatu ukasimama mbele ya pikapu ya mchanga mpaka ikasimama. Kifafa cha mimba, wakasema. Daktari alimuuliza shemeji yako kwa nini sikulazwa mapema. Wakaangalia kadi yangu, ikasema mkojo hauna protini. Sista aliulizwa maswali mazito kwa ajili ya kadi ile, na mimi nilikuwa kitandani nimefumba macho, nimeshazinduka, nikawasikia wakimuuliza.

Lakini kabla ya hayo, siku ya nne, nilifumbua macho kwa mara ya kwanza na kukuona. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha wodi, umefungua blauzi, na mtoto wangu alikuwa kifuani kwako. Walimtoa kwa kisu, ananyong'onyea, maziwa ya kopo yanamtapisha, na matiti yako yalikuwa bado yanavuja kwa ajili ya yule tuliyemzika. Ulikuwa umeshampa na jina, Nyemo, furaha kwa Kigogo. "Samahani dada," ulisema, "tulidhani huamki, na mtoto hawezi kubatizwa bila jina."

Mtu mwingine angelia kwa shukrani. Mimi nilitazama shavu lake lilivyojaa kwenye ngozi yako, nikatamani kurudi kuzimia.

Maziwa yangu hayakuja. Ukanyonyesha wewe, miezi minane, nyumbani kwangu, huku wanao wawili wakilelewa na bibi yao. Ulikuwa unanipa nimbebe akishashiba, na yeye alikuwa akiniangalia kama mtu anayeangalia mgeni wa ofisini, kisha anageuza shingo kukutafuta. Barua ya kupunguzwa kazi ilikuwa imekuja nikiwa wodini, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Nilikaa nikiwatazama.

Siku ile alipotambaa kutoka mapajani mwangu mpaka miguuni kwako, nilisimama nikakuambia, "Umempoteza wako, sasa unataka wangu?" Ulikuwa unachambua mchicha. Ulimaliza fungu lote, ukanawa mikono, ukafungasha, ukasema, "Kwaheri, dada, kaeni salama." Nyemo alilia siku tatu. Mimi pia nililia, kwa sababu alikuwa hanililii mimi.

Umekasirika kwa maneno yale miaka yote hii, na una haki. Lakini umekuwa ukikasirikia kosa dogo. Kubwa ndilo hili nililokueleza leo. Ningeweza kufa nalo, na ningekufa nalo, kama si Nyemo.

Amekuwa akija kwako kwa siri tangu apate kazi. Nilijua, kwa sababu akirudi ananukia moshi wa samaki na anacheka kicheko chako. Safari ya mwisho alirudi na habari. Kwamba unakunywa maji ndoo nzima. Kwamba unatoka kwenda chooni mara kwa mara mpaka wajukuu wanakutania. Kwamba kidole cha mguu kilikatwa na mwiba wa samaki tangu kipupwe, na hakijapona hadi leo. Kwamba huoni tena tundu la sindano, unasema ni uzee. Nikamuuliza kama umepimwa sukari. Akasema, "Mama mdogo anasema sukari ni ugonjwa wa watu wa ofisini."

Mdogo wangu, si wa watu wa ofisini. Ulikuwa nayo wakati ule. Imekuwa na wewe, au imeondoka na kurudi, na mtu pekee aliyeijua aliifunga mdomoni kama mama alivyofungia kilo ile sandukuni. Mtoto wako hakufa kwa kijicho cha watu wa mtaani. Sijui kama wangemwokoa, daktari niliyemuuliza juzi amesema labda. Labda hiyo ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Kwa hiyo sikuombi msamaha leo. Usinipotezee muda wako huo. Nenda hospitali asubuhi, bila kula, bila chai. Mwonyeshe daktari kidole hicho. Mwambie kwamba ulipokuwa na mimba ya tatu mkojo wako ulikuwa na sukari, ukazaa mtoto mkubwa aliyekufa tumboni. Akikuuliza nani alikuambia, mwambie dada. Ukishapata dawa na nguvu zikarudi, nichukie kwa nguvu hizo zote, nastahili. Lakini pima kwanza.

Nyemo ameisoma barua hii kabla yako. Nilimpa mwenyewe, jana, hapo mezani. Aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri. Nilingoja anitukane, au alie, au aniulize kuhusu siku aliyozaliwa. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama yangu wa Mtera anajua?" Nikasema bado. Akaingia chumbani akatoka na begi.

Amepanda basi leo asubuhi. Atafika kwako kabla ya gazeti hili. Hakuniambia anarudi lini, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mfungulie mlango, umwache akushike mkono mpaka hospitali. Ninakuonea wivu mkono huo hata sasa ninapoandika, lakini safari hii mwende naye.

Akupendaye vibaya tangu utotoni,

Dada yako